Hatuli nguruwe, lakini tegu wake anatufikia: Wazee na kifafa cha ukubwani mkoani Songwe

Katika safu yetu ya afya na usafi leo tutazungumzia maradhi ambayo familia nyingi za Kiislamu huyaona kuwa hayawahusu kabisa. Maradhi hayo hutokana na tegu wa nguruwe, yaani mnyoo mrefu bapa mfano wa utepe. Mwislamu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo au Mkwajuni akisikia jina la mnyama huyo hufunga masikio. Husema, sisi hatumli, hatumfugi wala hatumgusi, basi mnyoo wake utatupatia wapi?

Jibu la wataalamu ni kwamba unaweza kutupata, tena bila mtu kuonja hata kipande kimoja cha nyama hiyo. Na wanaoumia zaidi ni wale ambao sauti zao hazisikiki sana majumbani, yaani wazee wetu, na watu wenye kifafa ambao jamii imewatenga.

Mzee anapoanguka kwa mara ya kwanza

Tuanze na hali inayojulikana katika mitaa yetu. Bibi au babu mwenye umri wa miaka 55, 60 au zaidi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa na kifafa, siku moja anaanguka. Anakakamaa, anatetemeka mkono na mguu, anatoa povu, kisha analala kama aliyechoka sana. Baada ya wiki kadhaa hali hiyo inarudi.

Hapo familia hugawanyika. Mmoja atasema ni jini, mwingine atasema karogwa na jirani. Likikosekana la kusema, huyu bibi mwenyewe atatajwa kuwa ndiye mchawi, na sasa uchawi wake umemgeukia. Polepole mzee anaondolewa sahani yake, kikombe chake kinawekwa kando, wajukuu wanakatazwa kumsogelea. Swala ya jamaa haendi tena kwa sababu ya haya. Kituo cha afya kinakumbukwa mwisho, pale ambapo ameshaangukia kwenye jiko la kuni na kuungua.

Hali hii si ya Songwe pekee. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge mapema miaka ya 1960, aliwakuta watu waliotengwa na jamaa zao kwa hofu kwamba mate ya anayeanguka yanaambukiza. Wengi walikuwa na makovu ya moto kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwagusa walipoangukia motoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu wilaya ya Ulanga, ilimo Mahenge, ulionyesha kuwa takriban watu 10 katika kila watu 1,000 walikuwa na kifafa. Hicho ni kiwango kikubwa.

Watafiti walikuta nini Mbozi?

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Kabla ya hapo, wilaya ya Mbozi ilikuwa imeshajulikana kwa watafiti wa maradhi ya tegu. Sababu ni kwamba nyanda za juu kusini zina nguruwe wengi wanaofugwa na wakulima wadogo, na wengine huachwa wajitafutie chakula wenyewe.

Mwaka 2013 Gabriel Mwanjali na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya katika vijiji 13 vya Mbozi. Walipima watu 830. Katika damu za watu 139, sawa na asilimia 16.7, walikuta dalili kwamba mtu anaishi na vifuko vya mnyoo huyo mwilini. Aidha, takriban watu 5 katika kila 100 walikuwa na dalili za tegu mwenyewe tumboni. Mwaka huo huo utafiti mwingine wa Mbozi na Mbeya Vijijini ulionyesha, kwa kipimo cha damu, kuwa takriban nguruwe 3 katika kila 10 walikuwa na maambukizi.

Yapo mambo mawili katika utafiti wa vijiji 13 ambayo msomaji wa safu hii anapaswa kuyazingatia. La kwanza ni umri. Watu wa umri mkubwa walikutwa na maambukizi zaidi kuliko vijana. La pili ni namna ya kunawa. Waliokuwa wakinawa kwa kuchovya mikono ndani ya chombo kimoja cha maji walikuwa katika hatari zaidi kuliko wale wanaonawa kwa maji yanayotiririka. Tutalirudia jambo hili la pili, kwani linagusa mikeka yetu ya chakula moja kwa moja.

Baadaye watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, waliwachunguza wagonjwa katika hospitali za Vwawa, Tukuyu na Ifisi. Walitumia vipimo vya damu na picha za kichwa za CT. Walikuta watu wenye vifuko vya tegu ndani ya ubongo. Hivyo basi, maradhi haya yapo hapa hapa kwetu, na hospitali ya Vwawa ni miongoni mwa zile ambamo yameonekana.

Vipi asiyekula nguruwe huambukizwa?

Hapa ndipo panapowachanganya wengi, basi tuende hatua kwa hatua.

Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya mnyoo, ikiwa haikuiva vizuri, hupata tegu ndani ya utumbo. Tegu huyo hukua hadi mita 2 au zaidi na anaweza kuishi humo kwa miaka. Mara nyingi mtu huyo hajisikii mgonjwa. Lakini kila anapokwenda haja kubwa anaweza kutoa maelfu ya mayai yasiyoonekana kwa macho. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho hupata vifuko kwenye nyama yake, na mzunguko unaendelea.

Sasa tatizo ni kwamba mayai yale yale yakiingia kinywani mwa binadamu, hufanya katika mwili wake yale yanayofanya kwa nguruwe. Huanguliwa, hupenya ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu na kwenda kujenga vifuko vidogo katika misuli, macho na ubongo. Mtu hapati mayai hayo kwa kula nyama. Huyapata kwa mikono, maji, mboga na chakula vilivyoguswa na kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Kwa maneno mengine, nyama haramu humpa mlaji tegu wa tumboni, lakini uchafu wa chooni unaweza kumpa mtu yeyote vifuko vya ubongoni.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana mbali sana na Songwe. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wanne wa jijini New York waliokuwa wakianguka kifafa. Wote walikuwa Mayahudi wanaoshika sana dini yao, ambao kama sisi hawali nguruwe. Picha za vichwa vyao zilionyesha vifuko vya tegu. Uchunguzi ulielekea kwa watumishi wa ndani waliotoka nchi zenye maradhi haya. Miongoni mwao alipatikana mwenye tegu tumboni, naye hakujua. Mikono iliyokuwa ikiandaa chakula ndiyo iliyobeba mayai.

Ndugu msomaji, tusiitumie habari hii kuwadhulumu mabinti wa kazi. Binti yule alikuwa mgonjwa asiyejua, na dawa ya tegu wa tumboni humezwa kwa muda mfupi sana chini ya uangalizi wa mganga. Binti wa kazi ana haki ya kupata sabuni, choo safi na matibabu sawa na mtoto wa mwenye nyumba. Kumfukuza kunahamishia ugonjwa nyumba ya pili tu. Wala tusigombane na majirani wanaofuga nguruwe. Tukumbuke kwamba nguruwe mwenyewe hupata maradhi haya kutoka kwenye kinyesi cha binadamu. Jirani akifunga nguruwe wake bandani na kila nyumba ikawa na choo, wote tumesalimika.

Kwa nini dalili hutokea uzeeni?

Vifuko vya ubongoni vinaweza kukaa kimya kwa miaka mingi. Mara nyingi taabu huanza pale vinapokufa, kwani ubongo unaovizunguka huvimba. Baadaye hugeuka vijiwe vidogo vinavyobaki kama kovu, na kovu hilo linaweza kuendelea kuleta kifafa. Hivyo mzee anayeanguka leo huenda alimeza mayai hayo miaka mingi iliyopita kwenye maji ya mto au mchicha wa bondeni. Dalili nyingine ni kuumwa kichwa kusikokwisha, kuona maruweruwe na kubadilika kwa akili.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), katika maeneo mengi ambamo maradhi haya yameota mizizi, takriban asilimia 30 ya kifafa husababishwa na tegu huyu. Mwaka 2014 WHO na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) waliwapanga vimelea 24 vinavyosambazwa kwa chakula kufuata madhara yake duniani, na tegu wa nguruwe akashika nafasi ya kwanza.

Hata hivyo, si kila mzee anayeanguka ana tegu. Kiharusi ni sababu kubwa ya kifafa cha uzeeni, na mzizi wa kiharusi mara nyingi ni shinikizo la damu. Huko wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 2,223 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa takriban 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakujua au hawakuwa wakipata dawa. Aidha, sukari kushuka mno kwa mgonjwa wa kisukari, uvimbe kichwani au ajali ya zamani pia huleta hali hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza vipimo. Anayehukumu kuwa ni jini kabla ya kupima presha na sukari amemnyima mzee haki yake.

Mafunzo ya dini yetu

Wapo watakaouliza kuhusu kisomo na dua. Kumsomea mgonjwa ni jambo jema, na hakuna mganga wa hospitali atakayelikataza. Kosa ni kuacha dawa kwa sababu ya kisomo. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kujitibu, na akatufundisha kwamba kila maradhi Allah (s.w.) ameyawekea dawa.

Imepokewa pia katika hadithi sahihi, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), habari ya mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba dua. Akapewa hiari ya kusubiri na kupata Pepo, au aombewe aponywe. Alichagua kusubiri, lakini akaomba jambo moja, kwamba anapoanguka asifunuke mwili wake. Mtume (s.a.w.) akamwombea hilo. Tuzingatie kwamba mwanamke huyo hakufukuzwa wala kuitwa mchawi. Alisikilizwa, na heshima yake ikalindwa. Basi na sisi, mama yetu mzee akianguka, tumfunike khanga yake badala ya kumkimbia.

Usafi wa nyumba yetu

Waislamu tuna hazina ya usafi: istinja, udhu, kukata kucha, kutenga mkono wa kushoto. Lakini hazina hiyo ina matundu tunayopaswa kuyaziba.

Kwanza ni bakuli la kunawia. Katika shughuli nyingi, iwe maulidi, harusi au khitma, bakuli moja la maji huzungushwa na watu kumi huchovya mikono humo humo. Wa kwanza anaacha uchafu wake na wa kumi anauchukua. Turudie desturi ya wazee wetu ya birika na beseni, mmoja amimine na mwingine anawe, tena kwa sabuni. Tunajua kuwa maji Tunduma ni ya taabu na ndoo inanunuliwa. Lakini kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba, hutumia maji kidogo sana kuliko beseni, na mtoto wa madrasa anaweza kukitengeneza.

Pili ni sabuni baada ya istinja. Maji matupu hayatoshi kwa mkono uliogusa uchafu. Kila choo, cha nyumbani na cha msikiti, kiwe na sabuni karibu. Kucha nazo zikatwe kila wiki.

Tatu ni maji ya kunywa. Dawa ya klorini inasaidia dhidi ya vijidudu vingi vya kuhara, lakini mayai ya tegu ni sugu kwa klorini. Kinachoaminika ni kuchemsha mpaka maji yatokote, kisha kuyahifadhi katika chombo chenye mfuniko na kuchota kwa kata yenye mpini. Kopo la chooni lisiingie katika ndoo hiyo hata siku moja. Maji ya mto au kisima cha wazi pia yasimezwe wakati wa kusukutua katika udhu.

Nne ni mboga na kachumbari. Mboga za bondeni zioshwe jani kwa jani kwa maji safi yanayomiminwa. Chumvi na limao huleta ladha, lakini visitegemewe kuua mayai ya mnyoo. Penye shaka, mboga ipikwe.

Tano ni choo cha mzee. Hili husahauliwa sana. Choo cha shimo cha kuchuchumaa ni adhabu kwa bibi mwenye magoti mabovu. Akishindwa, ataishia nyuma ya nyumba au kwenye mgomba, na hatutajua. Fundi wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu na kuweka nguzo ya kushikilia. Kwa mzee asiyeinuka kitandani, kinyesi chake kimwagwe chooni, na anayemhudumia anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Wazee wetu hawa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, walipokusanyika kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Si haki kwamba leo wao ndio wakose choo wanachoweza kukitumia.

Akianguka tufanye nini?

Msogeze mbali na moto na vitu vyenye ncha. Weka nguo laini chini ya kichwa. Mlegeze shingoni, mfunike, na mtetemeko ukipungua mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe maji, usimkandamize. Mate yake hayaambukizi kifafa. Angalia saa. Ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, au ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali mara moja.

Huko aeleze kila kitu, na familia iombe apimwe presha na sukari. Akihitaji picha ya kichwa, daktari atampa rufaa. Dawa za kifafa si ghali. WHO inaeleza kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Dawa hizo zisiachwe ghafla, hata mgonjwa akijiona amepona, kwani kuanguka kunaweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Tahadhari moja kubwa: usiende dukani kununua dawa za minyoo kwa nia ya kutibu vifuko vya ubongoni. Vifuko vikifa kwa pamoja, ubongo unaweza kuvimba na mgonjwa akazidiwa au kupoteza maisha. Matibabu hayo huamuliwa na daktari baada ya picha, na huambatana na dawa za kuzuia uvimbe.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa amuone daktari kabla ya mwezi kuandama. Zipo dawa zinazomezwa mara moja usiku, na mgonjwa anaweza kufunga bila taabu. Ambaye daktari mwaminifu amemwambia kufunga kutamdhuru, sheria imempa ruhusa. Asijione mnyonge wa imani.

Kuhusu gharama, Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Familia iulize ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini au serikali ya mtaa juu ya utaratibu unaotumika kwa mzee wao, na mtu wa familia aende naye. Mzee akiachwa peke yake kwenye foleni, mara nyingi hurudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Mwisho, tunawaomba maimamu na walimu wa madrasa wa Songwe walipe jambo hili nafasi katika darsa zao, kwani kauli yao inafika mahali ambapo bango la hospitali halifiki. Ijumaa moja ya kueleza kwamba kifafa kinatibika, na kwamba mikono inawiwe kwa maji ya kumiminwa, inaweza kuokoa macho, akili na heshima ya wazee wengi. Tuanze nyumbani leo. Tuondoe bakuli la kuchovya, tutundike kibuyu chirizi, na mzee aliyetengwa sahani yake arudishwe kwenye sinia moja na familia yake. Allah (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu na atujaalie kuwatendea wema wazazi wetu. Amin.